Parseli ina namba ya kufuatilia. Ushahidi wa ubakaji je?

Wasee, shikeni hii hesabu kwanza: 11,341.

Hiyo ni idadi ya maboksi ya ushahidi wa ubakaji yaliyopatikana mwaka 2009 kwenye ghala la polisi mjini Detroit, Marekani. Mengine yalikuwa yamekaa hapo tangu miaka ya themanini. Vumbi juu, jina la mtu ubavuni, na ndani yake sampuli ambazo hakuna maabara ilikuwa imezigusa.

Kila boksi hapo ni mtu. Mtu aliyebakwa, halafu badala ya kwenda nyumbani kuoga na kulia, akaenda hospitali. Akalala kitandani masaa mengi huku muuguzi akipitisha pamba mdomoni, chini ya kucha, sehemu za siri. Nguo ya ndani ikawekwa kwa bahasha. Alivumilia yote hayo kwa sababu aliambiwa hivi ndivyo huyo mtu atashikwa. Alifanya sehemu yake. Halafu boksi likawekwa kwa rafu.

Najua ukisikia Marekani unaona zile sinema za upelelezi, nywele moja imeokotwa kwa zulia na kabla ya tangazo la biashara mshukiwa ashafungwa pingu. Zima hiyo picha. Detroit haikukosa sayansi, DNA ilikuwa inajulikana vizuri sana kufikia 2009. Ilichokosa ni mtu mmoja anayelazimishwa na sheria kujibu swali rahisi: boksi hili liko wapi sai, na kwa nini bado liko hapo?

Msimamo wangu ni huu na siubadilishi. Ushahidi wa ubakaji unafaa kuwa na saa inayohesabu, kisheria, kuanzia dakika unapotoka hospitalini. Na mwenyewe aliyeutoa anafaa kuweza kuufuatilia kama vile wewe unafuatilia viatu ulivyoagiza kwa simu. Viatu vya elfu mbili vina namba. Unajua vimetoka stoo, unajua viko na mtu wa boda, unajua amefika geti. Sasa niambie ni kwa nini mwili wa mtu uheshimiwe kuliko hivyo viatu kwa maneno tu, si kwa mpangilio.

Kwanza, hili boksi lilitoka wapi

Miaka ya sabini mjini Chicago kulikuwa na mama mmoja, Marty Goddard, aliyekuwa akifanya kazi na vijana waliotoroka nyumbani. Aligundua wengi walikuwa wanatoroka dhuluma za kingono. Akaanza kuuliza kwa nini kesi hazisimami kortini. Jibu lilikuwa la aibu: ushahidi ulikuwa unakusanywa ovyo, unachanganywa, unaharibika. Akasukuma kuwe na boksi moja lenye kila kitu, vifaa, bahasha, fomu na maelekezo, linalofanana kila hospitali. Mwaka 1978 hospitali za huko zikaanza kulitumia.

Na unajua boksi lilipewa jina la nani? La polisi, sajini Louis Vitullo. Miaka mingi watu walidhani yeye ndiye aliyeanzisha mambo yote. Mama amepigania, afisa ameandikwa jina. Ukiwa Nairobi ama Eldoret nadhani hii hadithi haikushangazi.

Lakini somo kubwa ni lingine. Boksi zuri halikutosha. Miaka thelathini baadaye lilikuwa kila mahali Marekani, na bado maelfu yalioza Detroit. Kifaa bila sheria ya kukisukuma ni karatasi ngumu tu.

Walipoyafungua, nini kilitokea

Kiongozi wa mashtaka wa Kaunti ya Wayne, Kym Worthy, alikataa hiyo hadithi iishie kwa kikao cha wanahabari. Mji wenyewe ulikuwa hoi kifedha, mwaka 2013 ukatangaza kufilisika rasmi. Kupima boksi moja kulikadiriwa kuwa dola 490. Watu wakachanga. Kina mama weusi wa Detroit wakaanzisha mchango wao wakilenga hiyo dola 490 kwa kila boksi. Harambee, kwa lugha yetu.

Matokeo? Washukiwa zaidi ya 800 walioonekana kubaka zaidi ya mara moja. Mia nane! Na alama zao hazikuishia Detroit, zilitokea pia kwenye kesi za majimbo mengine mengi.

Tafakari hapo kidogo. Boksi linapokaa kwa rafu, mtu aliyefanya hicho kitendo hakai kwa rafu. Anatembea. Anapanda matatu, anapata kazi, anahamia mtaa mwingine. Kila mwezi wa kuchelewa anapewa bure. Kwa hivyo ukisema ushahidi kuchelewa ni shida ndogo ya ofisi, unasema mtu anayefuata kubakwa ni shida ndogo ya ofisi.

Majimbo yaliamka vipi

Marekani polisi na mahakama nyingi ziko chini ya majimbo, kwa hivyo mabadiliko yalikuja jimbo kwa jimbo. Michigan, jimbo la Detroit, ilipitisha sheria yake mwaka 2014. Texas ikapitisha yake mwaka 2019, ikiitwa kwa jina la Lavinia Masters, aliyebakwa Dallas mwaka 1985 akiwa na miaka 13. Boksi lake lilikaa miaka kama ishirini. Lilipopimwa mtu alijulikana, lakini muda wa kumshtaki kwa kosa hilo ulikuwa umepita. Sheria ilimwambia msichana amechelewa, na kumbe iliyochelewa ni serikali!

Texas ikaweka nini? Siku. Polisi wachukue boksi hospitalini ndani ya siku 7, labda kama hospitali iko mbali sana. Walifikishe maabara ndani ya siku 30. Maabara imalize ndani ya siku 90. Hakuna "tutaangalia", hakuna "rudi wiki ijayo".

Idaho, jimbo dogo lenye watu wachache kuliko Nairobi, ilipitisha sheria mwaka 2016 na kujenga mfumo wa kufuatilia kila boksi. Unapewa namba hospitalini. Unaingia mtandaoni, bila kuandika jina lako, unaona: liko hospitali, limefika polisi, liko maabara, limemaliza. Halafu wakaamua majimbo mengine yapewe hiyo programu bure. Idaho! Si Silicon Valley.

Sisemi Marekani imemaliza shida. Maabara bado zinajaa, na kuna mahali boksi linapimwa halafu hakuna mpelelezi anayefuata jina lililopatikana. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuchelewa kunakoonekana na kuchelewa kunakofichwa. Kule kunakoonekana unaweza kukupigia kelele.

Sasa nyinyi wa komenti, njooni

Kuna mtu ashaanza kuandika, "Lakini wanawake pia husingizia wanaume." Sawa, kaka. Kama hofu yako ni mwanaume asiye na hatia kufungwa, basi wewe ndiye unafaa kuwa wa kwanza kutaka ushahidi upimwe haraka. Marekani zaidi ya watu 350 wameonyeshwa na DNA kuwa walifungwa bure, na nyingi za kesi hizo zilikuwa za dhuluma za kingono. Sampuli ile ile inayomshika mhalifu ndiyo inayomtoa asiye na makosa. Anayepaswa kuogopa maabara ni mmoja tu.

Mwingine atasema, "DNA inasaidia nini kama walikuwa wanajuana? Hapo ubishi ni kama alikubali." Mbili. Kwanza, kwa mtoto hakuna huo ubishi. Chini ya miaka 18 sheria ya Kenya haitambui kukubali, ni unajisi, mwisho. Pili, watafiti waliochambua maboksi ya Cleveland, Ohio, waligundua kwamba wapo wanaume wanaobaka watu wanaowajua na pia wasiowajua. Yule "alikuwa boyfriend tu" wa kesi hii unakuta ndiye mtu wa kichakani wa kesi ile. Usipopima ya kwanza, hautawahi kuunganisha ya pili.

Na kuna hoja moja naikubali kabisa: usiri. Mwaka 2022 San Francisco ilijulikana kwamba polisi walitumia DNA ya mwanamke aliyebakwa, iliyotoka kwa boksi lake mwenyewe, kumhusisha na kosa la mali miaka kadhaa baadaye. Hiyo ni usaliti. Nani ataenda hospitali tena akijua pamba ya leo ni pingu ya kesho? California ikapitisha sheria ya kukataza mwaka huo huo. Kwa hivyo tukidai mfumo, tudai na kufuli lake.

Na hapa kwetu?

Tuko na sheria nzuri, wacha nisidanganye. Sheria ya Makosa ya Kingono ni ya mwaka 2006. Kuna fomu ya PRC inayojazwa hospitalini baada ya ubakaji, ikiwa na sehemu ya kuandika ni sampuli gani zimechukuliwa na nani amezipokea. Nakala moja inafaa kuwa yako, ishike kama kitambulisho. Kuna P3. Kuna maabara ya Mkemia wa Serikali, na mwaka 2022 DCI ikafunguliwa maabara yake ya uchunguzi. Vifaa si kwamba hatuna kabisa.

Shida iko njiani. Chini ya Katiba ya 2010 hospitali nyingi ni za kaunti lakini polisi ni wa serikali kuu. Kwa hivyo asubuhi sampuli iko mikononi mwa gavana, jioni iko mikononi mwa Inspekta Jenerali, kesho inangoja usafiri kwenda maabara. Ofisi tatu, na ukiuliza kila moja inakuonyesha mlango wa nyingine. Unabaki na OB namba. OB inafuata ripoti yako. Haifuati nguo yako, haifuati damu yako.

Rafiki yangu mmoja alirudi kituoni kuuliza kuhusu nguo zake miezi miwili baada ya kuripoti. Akaonyeshwa mfuko wa plastiki chini ya dawati. Plastiki! Nguo yenye unyevu ndani ya plastiki inaota ukungu, ushahidi unakufa humo ndani. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Walimsahau tu, kwa adabu.

Na msiniambie mahakama haijui. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu kule Meru iliamua kesi ya wasichana wadogo walionajisiwa na polisi wakakosa kuchunguza inavyofaa. Jaji alisema wazi kwamba huko kuzembea kulivunja haki zao za kikatiba. Kwa hivyo kuzubaa na ushahidi si uvivu wa ofisi, ni kuvunja Katiba. Tangu siku hiyo hakuna kiongozi anayeweza kusema hakuambiwa.

Tunachodai

Moja, hesabu. Kila kituo na kila hospitali waseme hadharani wako na sampuli ngapi ambazo hazijapimwa. Detroit ilianza kupona siku ilipohesabu. Asiyetaka kuhesabu anajua atakachokuta.

Mbili, siku ndani ya sheria. Siku za kutoka hospitali, siku za kufika maabara, siku za majibu. Na jina la afisa anayejibu zikipita.

Tatu, namba ya sampuli, si ya ripoti peke yake. Iwe kwa USSD, si lazima uwe na bando. Nchi iliyofundisha dunia kutuma pesa kwa kabambe haiwezi kuniambia hii ni teknolojia ngumu.

Nne, kaunti zianze na zinachoweza leo bila kungoja Bunge. Bahasha za karatasi, kabati lenye kufuli, friji inayofanya kazi, daftari la kupokezana, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyefunzwa. Hizo ni pesa kidogo kuliko mabango ya picha ya gavana.

Tano, kinga. Sampuli ya aliyedhulumiwa isitumike kamwe dhidi yake.

Na kwa wewe unayesoma hii na imekugusa kwa njia ambayo hujawahi kuambia mtu: hukukosea. Kama ni leo ama jana, nenda hospitali kwanza, dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanza ndani ya masaa 72 na mapema ndiyo bora. Hospitali inafaa kukutibu hata kama bado hujafika polisi. Ukiweza usioge, na nguo uzibebe kwa karatasi ya khaki ama gazeti. Umeoga tayari? Enda tu. Piga 1195, ni bure. Kama ni mtoto, 116.

Wengine nyote, kazi yenu ni hii. MCA wako ana namba ya simu, aliigawa wakati wa kura. Mtumie swali moja usiku huu: "Hospitali ya wadi yetu iko na sampuli ngapi za ubakaji ambazo bado hazijachukuliwa?" Akijibu, posti jibu. Akinyamaza, posti kimya chake na tarehe.