Paja Liumalo na Ulimi Unyamazao

KAULI YA JUMA
Na Mwalimu Kyalo Musembi

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli kushuka, hakuna mtu mzima katika vilima vya Kilungu na Mbooni asiyeumwa na mwili, na lau yupo, majirani humtazama kwa jicho la shaka. Kwani huo ndio msimu wa kuzibua mitaro ya fanya juu, yale matuta ambayo mtu huchimba chini na kuutupa udongo juu, kinyume cha hiari ya mgongo, nayo tumeyarithi kwa wazazi wetu walioyachimba kwa mwethya, kijiji kizima na majembe yao, ili shamba lisiteremke lote mtoni. Mtu aamkaye asubuhi katika msimu huo akajinyosha pasipo kuguna ni mtu ambaye jembe lake limelala ukutani, na habari hiyo haichukui siku mbili kufika soko la Nunguni.

Nayatanguliza haya ili msomaji afahamu jinsi ilivyoniwia vigumu kuyatambua maumivu ambayo hayakuwa ya jembe. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, niliambiwa kwamba mafuta ya damu yangu, yale yaitwayo kolesteroli, yamezidi kiasi, na kwa kuwa marehemu baba yangu na kaka yake wote wawili walichukuliwa na maradhi ya moyo kabla ya kutimiza miaka sabini, nikaandikiwa kidonge kimoja cha kumeza kila usiku, cha jamii ya dawa ziitwazo statini. Septemba ikapita kwa salama. Oktoba mapaja yakaniuma, nikalisingizia jembe. Novemba mvua ikanyesha, jembe likapumzika, na mapaja badala ya kupoa yakazidi, hata Jumapili moja wenzangu waliposimama kuimba mimi nilibaki nimeshika ubao wa kiti cha mbele, nikiomba wimbo uwe na beti nyingi ili nipate kuinuka kabla haujaisha. Tulipotoka nje, jirani yangu akaninong'oneza kwamba dawa hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza miguu shemeji yake wa Mwingi. Usiku ule nilivitia vidonge vyangu katika kopo la majani ya chai, nikalizamisha kopo ndani ya sanduku kando ya hati ya shamba, na sikumwambia mtu.

Wala si kuficha huko kunakoniaibisha zaidi. Januari nilipokwenda kliniki, tabibu aliniuliza huku akiandika, "Dawa unameza, Mwalimu?" Nami, niliyefundisha miaka thelathini na minne na kuwaadhibu watoto wasio na idadi kwa kosa la uongo, nikamjibu bila kupepesa jicho, "Nameza, daktari."

Nimejiuliza mara nyingi uongo ule ulitoka wapi, na nimeona una mizizi miwili. Wa kwanza ni ada yetu. Mtoto wa Kitui aliyekua akimwona mamaye akifukua mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi, shimo likizidi kina kila juma, kisha akibeba maji mgongoni kwa mkanda uliomkaza kipaji cha uso, na kufika nyumbani bila kusema neno ila kuuliza kama mbuzi wamerudi, mtoto huyo hujifunza kwamba maumivu ya mwili ni ushuru wa kuishi katika nchi kavu, hayasimuliwi kama vile pumzi isivyosimuliwa. Mzizi wa pili ni haya. Mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha mpango ambao kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, na Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, aliyewahi kuwa Waziri wa Afya wa taifa, ikafuata kwa kadi ya shilingi 1,000. Hayo yalikuwa mambo makubwa, na hata sasa ambapo mipango ya bima ya taifa imegeuzwa, wazee wetu bado huyasimulia kwa shukrani. Lakini mtu aliyezoea kuikosa dawa, siku anapopewa huona haya kuilalamikia, kama mgeni aliyeandaliwa muthokoi asivyothubutu kusema kwamba chumvi imezidi. Kizuizi cha fedha kilipopunguzwa, kikabaki kizuizi cha ulimi, nacho hakikatiwi kadi.

Na dawa yenyewe ina nasaba ambayo mtu wa Ukambani angestahili kuijua kuliko wengine, maana ni mtoto wa kuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, aliyezaliwa katika nyumba ya wakulima, alizichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu, akitafuta moja itakayolizuia ini lisitengeneze kolesteroli kupita haja, na mwaka 1973 akakipata alichokitaka katika kuvu iliyotokana na mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Ini likizuiwa hivyo huyavuta mafuta yaliyomo katika damu, na mishipa ya moyo na ya ubongo ikasalimika. Kuvu katika nafaka! Nani katika Makueni na Kitui asiyeukumbuka mwaka 2004, ambapo mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka yaliota kuvu ya namna nyingine, yenye sumu ya aflatoksini, watu 317 wakaugua katika nchi hii ya mashariki, wengi wao wakiwa wa kaunti zetu mbili, na 125 wakafa maini yakiwa yameharibika? Kuvu moja hulituliza ini na nyingine huliua, wala maumbile hayakuzitia alama ya kuzipambanua kwa macho. Alama huwekwa na watu wanaochunguza, na wachunguzi hawana pa kuanzia ila pale ambapo mtu fulani amesema kwamba anaumwa.

Je, ni kweli kwamba statini huumiza misuli? Ni kweli, na anayewaambia wagonjwa kinyume cha hayo anawapotosha. Mwaka 2001 moja ya jamii hiyo, serivastatini, iliondolewa sokoni baada ya kubainika kwamba iliivunjavunja misuli ya baadhi ya watu hata mabaki yake yakazilemea figo, na baadhi yao wakafariki. Zilizosalia zaweza kufanya vivyo hivyo, ila kwa nadra sana. Lakini kuna ukweli wa pili unaostahili kusimama kando ya huo wa kwanza. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College ya London walitangaza matokeo ya jaribio la watu 60 walioziacha statini kwa sababu ya madhara, maumivu ya misuli yakiwa miongoni mwayo. Kila mmoja alipewa chupa kumi na mbili, moja kwa kila mwezi: nne zenye dawa, nne zenye vidonge vilivyofanana nayo lakini havina kitu, na nne tupu kabisa. Katika miezi ya chupa tupu wakapata nafuu, na katika miezi ya vidonge dhiki ikapanda. Ajabu ni kwamba ilipanda takriban sawasawa kwa kidonge cha kweli na kwa kile cha bure, hata ikabainika kwamba sehemu tisa katika kumi za taabu iliyoonekana kuletwa na dawa ililetwa pia na kidonge kisicho na dawa. Nusu ya watu hao, walipoonyeshwa hesabu yao wenyewe, wakarejea kwenye dawa.

Msomaji asikimbilie kunena kwamba watu hao walijifanya. Waliumwa, na maumivu yao yalikuwa maumivu. Kilichopatikana kuwa si cha kweli ni jina tu la aliyewaumiza. Hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huuma, nayo hofu huingia kwa njia ya sikio, kama ilivyoniingia mimi mlangoni mwa kanisa. Tabibu atakayeitwaa habari hii na kumwambia mgonjwa kwamba yote yamo kichwani mwake atakuwa ameitumia elimu kama kifuniko, na mgonjwa huyo hatasema tena.

Mwezi wa Machi nilimkuta tabibu mwingine, binti wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho, ambaye hakuniuliza kama nameza. Alisema, "Mzee, wengi ninaowapa dawa hii huniambia kuna kitu inawafanya. Wewe inakufanyaje?" Swali lile lilinikuta sina ngao, maana lilikuwa limekwisha nisamehe kabla sijakosa, nikamwambia yote, tangu jembe hadi kopo. Akachukua karatasi akaandika miezi, mmoja chini ya mwingine, kisha akaniuliza kama Novemba nilimeza dawa nyingine yoyote. Nikakumbuka kikohozi, na duka moja la dawa nililoingia sokoni, nikauziwa dawa iitwayo klarithromaisini ya majuma mawili pasipo kuulizwa swali lolote. Akaiweka kalamu chini. Ini, alinieleza, ni kama kinu cha kusagia unga sokoni, ambamo magunia mengi hupita katika mlango mmoja. Klarithromaisini inapofika huushika mlango, na statini iliyokusudiwa kusagwa na kuondoka hubaki foleni, leo na kesho na kesho kutwa, ikilundikana katika damu hata kidonge kidogo kikawa kama kikubwa. Dawa mbili zilikutana ndani yangu bila kujuana, kwa kuwa aliyeniuzia ya pili hakuuliza juu ya ya kwanza, nami sikusema.

Akaipima damu yangu, kimeng'enya kinachovuja kutoka katika misuli iliyojeruhiwa, na tezi ya shingo pia, kwa kuwa tezi iliyozembea huweza kuleta maumivu kama hayo hayo. Vyote vilikuwa salama. Akanirejesha kwenye dawa kwa nusu ya kipimo, akanitaka nirudi baada ya majuma sita. "Na ya Oktoba je?" nikamwuliza. "Hayo ya Oktoba, Mzee, ni ya jembe," akasema, "na mengine nadhani ni ya jirani yako."

Basi kwa aliye katika hali niliyokuwamo mimi, ushauri wangu ni mfupi. Asiiache dawa kimya kimya, wala asiistahimili kimya kimya. Kwa maana zipo njia za katikati ambazo ni tabibu pekee awezaye kuzifungua: kupunguza kipimo, kubadilisha aina, kusitisha kwa muda ili kuona kama maumivu yataondoka nayo. Ataje kila anachokimeza, zikiwamo baadhi ya dawa za kutibu kuvu na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, kwa kuwa nazo huushika mlango ule ule wa kinu. Asiyazime maumivu kwa vidonge na sindano za madukani, ambazo zikizidi huzidhuru figo na kuulemea moyo ule ule tunaojaribu kuulinda. Kuchuliwa mafuta na kutembea taratibu kwa saa za jioni kuna nafuu isiyo na hatari hiyo. Lakini akiona nguvu zimemwisha hata hawezi kuinuka, au mkojo umegeuka kuwa kama chai ya rangi, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Na aende hospitali siku hiyo hiyo. Wala asidhani statini ni peke yake. Vidonge vya kukojoza vitolewavyo kwa ajili ya shinikizo la damu huweza kuyatoa pia madini ya potasiamu, na misuli ikashikwa na mkakamao usiku; pirazinamidi ya kifua kikuu huweza kuumiza viungo; siprofloksasini huweza kudhuru kano za kisigino. Kila moja ina jawabu lake, na jawabu zote huanza kwa kusema.

Walakini sitaki mzigo wote uwekwe juu ya ulimi wa mgonjwa, maana ni dhuluma kumwambia mtu aseme mahali ambapo hakuna anayeuliza. Serikali iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini mwezi wa Septemba 2023, nao hubisha milango yetu na vipimo vya shinikizo na vya sukari mikobani. Naziomba kaunti zetu mbili ziwape pamoja na vipimo hivyo lile swali la binti wa Machi, ambalo halina gharama wala halihitaji betri. Bodi ya Famasia na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, na mgonjwa mwenyewe pia huruhusiwa kuripoti; lakini ni wazee wangapi wa Mutomo au wa Nzaui waliowahi kuambiwa kwamba fomu hiyo ipo? Mwaka 2004 sumu ya mahindi haikugunduliwa na mtambo wowote mkubwa kwanza. Iligunduliwa kwa sababu watu walifika hospitalini macho yao yakiwa ya manjano, na wahudumu wakaona si jambo la kawaida, wakaandika, wakapeleka taarifa. Ini huweza kuudhihirisha ugonjwa wake machoni, mtu asiweze kuuficha. Paja halina rangi ya kuwaonyesha watu, na ndiyo maana linahitaji mwombezi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi niliumbuliwa mapema, na kwa upole, na kila Oktoba nitakapoinua udongo wa fanya juu nitaliona hilo kuwa deni. Juma lililopita nilirudi kliniki. Yule binti akaniuliza swali lake lile lile, nikamwambia kwamba paja la kushoto linauma kidogo, lakini asijisumbue, hilo ni la jembe.

Akaliandika hata hivyo.