Fulana za Usiku wa Kiswahili Tununue kwa Nani?

Katika kikao cha mwezi uliopita mweka hazina wetu alileta bei mbili za fulana za Usiku wa Kiswahili. Moja ilitoka kwa kampuni kubwa ya mtandaoni. Nyingine, iliyozidi kwa dola moja na senti 40 kwa kila fulana, ilitoka kwa yule mama wa Tanga tunayemwita Mama Fulana, anayekihudumia chama hiki tangu wengi wetu hatujafika hapa. Mtu akasema, "Mama ameanza tamaa." Siku ile nilinyamaza. Leo nasema si tamaa.

Mama Fulana hana kiwanda wala ghala. Anapokea oda, ananunua fulana tupu kwa muuzaji wa jumla, anazipeleka kwa mchapaji, kisha anatuletea. Miaka yote alikuwa na wauzaji wawili, wote wadogo wa jimbo hili. Mmoja akiishiwa kijani, alimpigia wa pili. Wa pili akipandisha bei, alimtajia ya wa kwanza. Na kila mmoja alimpa mali kauli, alipe baada ya siku 30. Mwaka juzi mmoja akamnunua mwenzake. Akaunti mbili zikawa moja, na kikomo cha deni kikabaki cha akaunti moja. Ghala la karibu, alikokwenda kuchukua katoni kwa gari lake mwenyewe, likafungwa. Sasa mzigo unatoka jimbo jingine, na oda ndogo inalipiwa usafiri. Karani aliyemjua kwa sauti ameondoka. Simu inapokelewa na mashine. Dola yetu na senti zake zimo humo.

Hili si la jimbo letu peke yake. Mwaka 2024 S&S Activewear ya Illinois iliinunua alphabroder ya Pennsylvania, na zote mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa fulana tupu Marekani. Kwa watengenezaji nako ni vivyo hivyo. Gildan ya Kanada, ambayo lebo yake wengi wetu tuliijua kwenye mitumba ya Karume na Gikomba, ilichukua Comfort Colors mwaka 2015 na chapa ya American Apparel mwaka 2017. Agosti 2025 ikatangaza kuinunua HanesBrands. Lebo kwenye kola ni nyingi, wenye mali wanapungua.

Wanaotetea miungano hii wana hoja. Ghala kubwa lina saizi zote, na mzigo unakuja mmoja badala ya miwili. Mama mwenyewe anakiri kwamba XXL hazimsumbui tena. Lakini punguzo huenda kwa anayenunua kwa wingi. Mwenye oda ya fulana 60 halioni. Yeye amepoteza mlango wa pili wa kubisha, na bila huo hana la kumwambia mwenye mlango wa kwanza.

Siombi sadaka. Kampuni ya mtandaoni inataka fedha zote siku ya oda. Sherehe yetu ni Februari, ruzuku ya chuo huingia Machi, na Mama hutungoja. Mali kauli anayotupa sisi imesimama juu ya ile aliyopewa yeye. Ikikatwa kule, huku haitadumu. Mwaka tulipokosea tahajia ya jina la chama chetu wenyewe (aibu ile!), alizichapa upya 12 kwa bei ya fulana tupu.

Napendekeza tuagize wiki sita kabla badala ya mbili, tena pamoja na chama cha Wasomali na kile cha Afrika Magharibi, ambao nao wana sherehe muhula huu. Kila chama kiwe na mchoro wake, fulana ziwe za aina moja. Nilimuuliza Mama, akanijibu, "Mwanangu, mkinifikishia katoni tatu, hiyo dola naifuta."

Kura ni Alhamisi. Namba yake anayo mweka hazina.