Mwandishi wa Bukavu asibaki peke yake na daftari lake

Bukavu haikosi watu wanaoandika. Kuna mwanafunzi wa ISP mwenye madaftari matatu ya mashairi, kuna mwalimu wa Kadutu anayeandika hadithi usiku umeme ukiwepo, kuna mama wa Bagira anayeandika habari za kijiji chake zisije zikasahauliwa. Kinachokosekana ni msomaji. Maandiko mengi yanazaliwa katika daftari na kufia humo humo. Si kwamba ni mabaya. Ni kwamba hakupatikana mtu wa kuyasoma na kumwambia mwenyewe: hapa ni pazuri, hapa rekebisha.

Sababu zinajulikana. Nyumba za kuchapisha vitabu ni chache sana katika Kivu ya Kusini, na mara nyingi anayetaka kitabu analazimika kulipia mwenyewe kazi ya uchapaji. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi Februari 2025, safari zimekuwa ngumu zaidi: uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, benki zikafunga milango, na familia nyingi zinahesabu kila franka. Katika hali hiyo, nani atasafiri hadi Kinshasa au Nairobi kutafuta watu wa kumsomea hadithi yake?

Lakini simu bado inavuka milima. Ndiyo maana vikundi vya waandishi kwenye mtandao, iwe WhatsApp, Facebook au barua pepe, vinastahili kuchukuliwa kama chombo cha kazi, si mchezo wa vijana.

Faida ya kwanza ni kusomwa kwa ukweli. Ndugu na marafiki husifu kwa sababu wanampenda mwandishi. Mwandishi mwenzake aliye Uvira, Goma au Mwanza hana sababu ya kumbembeleza. Atamwonyesha kwamba hadithi inachelewa kuanza, au kwamba mtu aliyekufa ukurasa wa tatu anazungumza tena ukurasa wa saba.

Faida ya pili ni njia ya kutokea nje. Mwaka 2002, Mkenya Binyavanga Wainaina alipata tuzo ya Caine kwa andiko lililokuwa limetoka katika jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi waliamini kwamba andiko lisilo kwenye karatasi si fasihi. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi, na waandishi wengi wapya wakapitia humo. Mtandao ulimfungulia mlango, naye akawafungulia wengine.

Mfano mwingine ni Jalada, kundi la waandishi wa Afrika lililoundwa mwaka 2013. Mwaka 2016 lilichukua hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ, likaitoa kwa mara moja katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kazi hiyo ilifanywa na watafsiri waliotawanyika katika nchi nyingi, bila kuwakusanya wote katika ukumbi mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa Kivu, kuna jambo zito zaidi: lugha. Fasihi ya Kiswahili inayofundishwa shuleni imetoka zaidi Tanzania na Kenya, huku Kiswahili cha Kongo kikionekana kama lugha ya sokoni tu. Mtu wa Bukavu anakula sombe na lengalenga. Mtanzania anaviita kisamvu na mchicha. Waandishi hao wawili wakisomana, kila mmoja anaongeza maneno, na Kiswahili cha Kivu kinapata nafasi yake vitabuni. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell iko wazi kwa waandishi wa Afrika. Hakuna sababu ya mtu wa Kivu kujiona mgeni mbele ya mlango huo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kikundi ambamo kila andiko linajibiwa kwa vidole gumba na pongezi hakimfundishi mtu. Mashindano mengi hayapokei kazi iliyokwisha kutangazwa hadharani, kwa hiyo si vema kumwaga riwaya nzima kwenye Facebook. Anayeahidi kuchapisha kitabu akidai pesa kwanza achunguzwe vizuri kabla ya kutumiwa hata dola moja. Zaidi ya yote, katika mji wenye hofu, andiko linaweza kunakiliwa na kufika mikononi mwa mtu asiyetarajiwa. Kuficha jina, kubadilisha majina ya watu na mitaa, na kujua ni nani aliye ndani ya kikundi si woga, ni busara.

Gharama ya mega nayo isisahauliwe. Maandishi matupu hula mega kidogo kuliko sauti na video. Watu wanane tu, kila mmoja akituma kurasa mbili kwa mwezi na kusoma za wenzake kwa makini, wanatosha kuanza. Sheria iwe moja: asiyesoma kazi ya wenzake asidai kusomwa.

Walimu wa ISP na wa vyuo vikuu vya Bukavu, pamoja na waandishi wenye vitabu tayari, wasiwaachie vijana peke yao jukumu hili. Saa moja kwa juma ya mzee anayejua kusahihisha inaweza kuokoa kazi ya miaka. Vita vimekwisha kunyamazisha sauti nyingi katika mji huu. Zile zilizobaki zisinyamaze kwa kukosa msomaji mmoja.