Kabla ya kuhubiri, tuulize kodi inalipwa na nani

Oktoba iliyopita niliomba ruhusa ya siku 3 kwenda Dodoma kumsaidia mdogo wangu wa kike kutafuta chumba. Alikuwa anaingia mwaka wa pili na hosteli za chuo hakupata nafasi. Padre mlezi alinipa ruhusa huku akitabasamu, kama mtu anayejua ninachokwenda kukutana nacho. Mimi nina miaka 25 na sijawahi kutafuta chumba. Tangu seminari ndogo nimekuwa nikikuta kitanda kipo, sahani ipo mezani, na kengele ya kuniambia saa ya kulala.

Dalali wa kwanza alitaka sh. 10,000 kabla hata hajanyanyuka kwenye benchi lake. Akatutembeza Makulu, kisha Ng'ong'ona. Chumba kimoja, choo cha kuchangia na wapangaji 7, maji ya ndoo: sh. 50,000 kwa mwezi. Bei yenyewe sikuigombania. Kilichonikwaza ni namna ya kulipa. Mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Mtoto wa mkulima, basi, awe na sh. 350,000 mkononi kabla hajanunua godoro. Wakati huohuo fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, lile wanaloliita bumu, hutoka baada ya mwanafunzi kufika chuoni, kusajiliwa na kusaini. Kodi inadaiwa kwanza, bumu linafuata baadaye, na katika wiki hizo chache za katikati ndipo mengi huharibika.

Dodoma imekua haraka mno. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, lakini ilikaa miaka mingi ikingoja. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, Serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016, na 2018 ukawa jiji. Leo mwanafunzi anagombea chumba kilekile na mtumishi wa wizara mwenye mshahara. Mwenye nyumba akichagua mtumishi, simshangai.

Wanaokosa hufanya nini? Wengine hubebana, wawili au watatu katika kitanda cha hosteli kilichoandikwa jina la mmoja. Na wapo mabinti wanaohamia kwa mwanaume mwenye chumba. Hapa ndipo ninapotaka kusema na waseminari wenzangu. Tumezoea kusikia, na kesho tutazoea kuhubiri, dhidi ya hizo "ndoa za chuo". Ni sahihi tuhubiri. Lakini sijawahi kusikia mahubiri yanayouliza binti yule alilala wapi wiki ya kwanza, kabla hajaenda kwa huyo kijana. Si wote wanaosukumwa na kodi, najua. Ila kwa yule aliyesukumwa, maneno yetu yanafika yakiwa yamechelewa.

Wenye nyumba nao wana lao. Mama mmoja, Mkristo mzuri tu, rozari ikining'inia ukutani, alinieleza kwamba amejenga kwa mkopo wa VICOBA. Wanafunzi wakifunga chuo vyumba hukaa vitupu, na mwaka juzi mmoja aliondoka usiku na deni la miezi 2, na ufunguo akaenda nao. Nilimwelewa. Lakini nilipomwomba apokee miezi 3 alikataa, nami sikuwa na cha kumwekea dhamana zaidi ya kanzu yangu, ambayo siku hiyo hata sikuivaa. (Jambo dogo lililoniudhi: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayelipa kodi ya nyumba isiyo yake. Kati ya niliowauliza, hakuna aliyewahi kurudishiwa.)

Darasani tumesoma Mtakatifu Tomaso: mtu anaweza kumiliki mali kuwa yake, ila katika kuitumia awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Mtaguso nao, katika Gaudium et Spes namba 26, unataja makazi pamoja na chakula na mavazi miongoni mwa yale ambayo mtu anayahitaji ili aishi kibinadamu.

Sidai parokia zijenge hosteli. Nasema tuanzie kwenye jumuiya ndogondogo, kwa sababu viongozi wake wanajua kila nyumba yenye vyumba vya kupangisha. Waandike majina ya waamini walio tayari kupokea kodi ya miezi 2 au 3, orodha ikae ofisini kwa katekista, bila dalali. TMCS ya chuo itoe barua ya kumtambulisha mwanafunzi. Akikimbia deni, walau pawepo pa kuuliza. Yule mama wa VICOBA aliniambia, nilipokuwa natoka, kwamba barua ya namna hiyo angeifikiria.

Chumba tulipata siku ya tatu jioni, kwa fedha ya gunia 3 za mahindi ambazo baba aliuza kabla ya bei kupanda, na nyongeza ya kukopa kwa shangazi. Kodi inaisha Aprili.