RWEYA SI SHAMBA LA BIBI

Kijana mwenzangu wa Izimbya, wewe unayepiga debe Ubungo au kusukuma mkokoteni Mwanza, nina swali. Mara ya mwisho ulipokwenda nyumbani, rweya ya kijiji chenu ilikuwa imebaki kiasi gani?

Nasema ile nyika ya vilimani, na vichaka vyake vya mabondeni, ambayo ni ya wote. Huko mama zetu hukata nyasi za kutandaza migombani, hulima njugu mawe, huokota kuni. Ng'ombe wa kijiji hulishwa huko. Kibanja unachojivunia ukiwa mjini hakikunenepa chenyewe. Udongo wa Buhaya ni maskini, na ni nyasi za rweya na samadi zilizoulisha miaka yote hiyo.

Sasa zunguka Bukoba na Muleba uone. Vilima vimekatwa vipande, vimejaa mikaratusi na mipaini. Sina ugomvi na mti. Nguzo na mbao ni fedha, kila mtu anajua. Ugomvi wangu ni na namna ardhi ya wote inavyogeuka ya mtu mmoja. Mwenye pesa anakatiwa kilima kwa maneno matamu ya kutunza mazingira. Miti ikisimama, mama aliyekata nyasi pale tangu ujana wake anaitwa mwizi.

Babu zetu waliionja nyarubanja. Mkama alimzawadia mtu wake ardhi yenye wenyewe ndani, nao wakawa wapangaji wa kumlipa ushuru. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoanza kuivunja. Leo inabisha hodi imevaa koti la mwekezaji!

Tazama jirani zetu wa Uganda. Serikali ya Museveni ilitaka kummegea mwenye kiwanda cha sukari hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu wa hifadhi ya umma. Aprili 2007 vijana wa Kampala wakaingia barabarani. Yalitokea ya aibu siku ile: Mhindi asiyehusika aliuawa na kundi la watu, na waandamanaji nao walikufa. Mpango ukasitishwa mwaka huohuo.

Sisi hatuhitaji mawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema waziwazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe kwanza. Halmashauri inaweza kuwa ya chama kimoja. Uchaguzi wa Novemba 2024 chama tawala kilitangaziwa takriban asilimia 99 ya vijiji. Lakini mkutano mkuu ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Hauna jezi.

Wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana wanaupenda mkutano wa watu kumi na wawili, vijana wakiwa mjini na wazee wakiwa wamechoka. Wewe uliyehama huenda huhesabiwi tena. Mama yako anahesabiwa, kaka yako pia. Wapigie simu kabla ya mkutano, si baada ya msumeno kulia.

Na ukienda nyumbani Krismasi, usiishie kwenye lubisi. Pita kwa mtendaji wa kijiji, umwombe muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha kila kipande cha rweya kilichogawiwa. Anza na kile kikubwa kuliko vyote.