Magunia ya unga pekee hayamtoshi mama wa Tana Delta

Mto Tana ulipovunja kingo zake mwishoni mwa 2023, kisha tena Aprili na Mei 2024, jamaa zetu wengi wa Tana Delta walihama vijiji vyao wakaenda kukaa kwenye mahema. Misaada ilipelekwa, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliotoa. Hata hivyo, nadhani wakati umefika tuangalie kilichomo ndani ya magunia, badala ya kuhesabu idadi yake tu.

Kwa kawaida huwa ni mchele, unga au mahindi, maharagwe na mafuta. Chakula hicho kinashibisha. Lakini kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, kipo kipimo kinachotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Vyakula hugawanywa makundi 10: nafaka na viazi, jamii ya kunde, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani, matunda na mboga zenye vitamini A kama embe na boga, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke anatakiwa apate angalau makundi 5 kwa siku. Sasa hesabu sahani ya hemani: ugali, moja, maharagwe, mbili. Mafuta, sukari na chai havihesabiwi.

Kabla ya maji kuja, Mpokomo alikuwa na mchicha, kunde na maembe kando ya mto. Waorma na Wawardei walikuwa na maziwa. Mafuriko yalizamisha mashamba, na mifugo ikapelekwa mbali. Unga haurudishi vyote hivyo.

Kwa nini nawataja wanawake? Kwa sababu damu ya hedhi, mimba na kunyonyesha vinawadai madini zaidi. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki nne za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Kungoja mpaka afike kliniki ndipo apewe foliki ni kuchelewa. Na mama mwenye upungufu wa damu akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, na barabara imekatwa na maji, nani atamfikisha hospitali?

Dawa yake haihitaji mabilioni. Pojo, njugu, vidagaa na ng'onda havihitaji friji. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe madini na vitamini, faida ambayo mahindi ya kusaga posho mill hayana. Kwa hivyo tukinunua, tununue unga wa pakiti ulioongezwa virutubisho. Na pale soko linapofanya kazi, mama atumiwe pesa kwa M-Pesa, kwenye simu yake mwenyewe, anunue mboga, mayai na maziwa.

Kaunti iweke vyakula hivi kwenye bajeti ya maafa kabla ya vuli, si baada ya mto kufurika. Nazo kamati za misikiti zinazokusanya sadaka ziwaulize kwanza akina mama walioko kambini wanakosa nini. Wao ndio wapishi, na mara nyingi ndio wanaokula mwisho, baada ya watoto na wazee kushiba.