Simu ya Vibonyezo na Simu ya Kioo

Siku hizi vijana wengi wa Murukulazo, katika wilaya ya Ngara, huona haya kutoa mfukoni simu ya vibonyezo mbele ya wenzao. Huiita kitochi kwa sababu ya taa yake ndogo, na jina hilo hulitamka kwa dharau. Simu wanayoitamani ni ile ya kupangusa, ambayo uso wake mzima ni kioo. Wako hata wanaowahimiza bibi zao waitupe ya zamani. Shauri hilo si jema, maana halifikiri mkono wa mwenye simu, wala siri yake.

Ifikiriwe kwanza habari ya mkono. Kibonyezo ni kitu cha kushikika. Kidole hukitambua hata gizani, nacho kikibonyezwa huitika. Juu ya tarakimu ya 5 pana kinundu kidogo, na mtu akikigusa hujua mara moja ilipo 2 na ilipo 8, ajapokuwa kipofu. Kioo hakina alama namna hiyo. Pasipo jicho, kidole hupotea. Tena kioo hakifanyi kazi kwa kubonyezwa. Ndani yake umeenezwa umeme hafifu mno, na kidole kikikigusa huvuta sehemu yake kidogo. Ndivyo simu ipatavyo kujua mahali palipoguswa. Basi matone ya mvua huidanganya, na ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa jembe pengine haisikiwi kabisa. Mwanafunzi mwenye vidole laini huenda hajapata kuyaona haya, lakini mtu aliyeshinda akipalilia migomba huyajua sana.

Watengenezaji wenyewe walilifahamu jambo hili. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu iliyoitwa Nokia 1100, yenye tochi, na vibonyezo vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Simu hizo si za kuchekwa.

Lakini neno kubwa zaidi ni fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, nayo haihitaji intaneti. Mtu wa Tanzania hubonyeza *150*00#, akafuata maagizo, kisha akaandika namba yake ya siri. Bibi aliyezoea vibonyezo huikariri njia hiyo kwa vidole, kama aijuavyo njia ya kisimani. Mwanawe aliye Mwanza akimpelekea fedha za mbolea, huzitoa mwenyewe kwa wakala, wala hapana mwingine ajuaye zilizobaki. Akipewa kioo asichokiweza, hana budi kumkabidhi mjukuu simu, au jirani, au wakala yule yule, na kumtajia namba ya siri. Tangu siku hiyo fedha zake zina funguo mbili. Huenda mjukuu ni mwaminifu. Hata hivyo, mtu mzima aliyelima shamba lake na kulea watoto wake hastahili kumwomba mtoto ili ajue ana shilingi ngapi.

Kioo nacho kina sifa zake. Huonyesha ramani, herufi zake hukuzwa kwa macho hafifu, na mkulima aweza kumpelekea bwana shamba picha ya jani lenye ugonjwa. Kijana awezaye kuinunua simu hiyo bila kuuza mbuzi wa nyumbani, na mwenye mahali pa kuichaji karibu kila siku, ainunue. Kitochi hukaa siku kadhaa kwa chaji moja, na kwa nyumba isiyo na umeme jambo hilo si dogo, maana kuchaji dukani hulipiwa.

Mjukuu anayetaka kumnunulia bibi yake simu amwulize kwanza, tena ampe aijaribu jioni, mikono ikiwa bado ina uchovu wa shamba. Bibi akichagua kioo, mjukuu amfundishe polepole mpaka aweze kuiandika namba ya siri peke yake, naye mjukuu akiwa ametazama pembeni.